Filimbi Iliyomwita Mkwe

Aliyepanga nyumba za kijiji chetu cha Kwedimtunda hakuwa na mkwe, au kama alikuwa naye, basi alimwacha mbali sana. Nasema hivyo kwa hasira, na hasira yenyewe nimeitunza vizuri tangu mwaka wa sabini na nne. Tulipotolewa kwenye vitongoji vyetu huko porini Handeni tukaletwa pamoja kando ya barabara, kila familia ilipewa namba, nyumba zikajengwa kwa mstari mmoja ulionyooka, na mimi Mdoe nikaangukia namba kumi na saba. Namba kumi na nane akapewa Bi Swaumu, mama mzazi wa mke wangu Mwanaidi.

Asiye wa kwetu atauliza kuna ubaya gani. Ubaya ni kwamba kwetu mkwe wa kike hatazamwi. Mkikutana njiani, mmoja anaingia majanini na kugeuza mgongo mpaka mwenzake apite. Hamsemeshani. Kama kuna jambo la lazima unamwambia mtu wa tatu, mkwe akiwa anasikia, na kama mtu wa tatu hayupo unakiambia chochote kilicho karibu, kuku, mbuzi, hata mtungi. Jina lake nalo hulitaji. Ramadhani nzima nilikuwa nasema "nimefunga" basi, maana neno swaumu lilikuwa jina la mkwe.

Kule tulikotoka jambo hili halikumsumbua mtu. Kutoka kwangu hadi kwa mama yake Mwanaidi ulikuwa mwendo wa saa nzima, na pori lilikuwa na nafasi ya kutosha watu wote kupeana migongo. Sasa tulitenganishwa na hatua sita na uchochoro wa kupita kuku. Choo changu kilikuwa nyuma ya nyumba yake, na choo chake kilikuwa nyuma ya nyumba yangu. Aliyechora ramani hiyo Mungu anamwona.

Ikabidi tubuni kikohozi. Nikikohoa mara moja, natoka. Nikikohoa mara mbili, nimerudi, yeye naye anaweza kutoka. Mambo yalikwenda vizuri mpaka nilipopata mafua. Nilikohoa kutwa nzima, na yule mama akakaa ndani kutwa nzima, hajui kama natoka, narudi au nimerukwa na akili. Jioni Mwanaidi alimkuta ameketi karibu na mlango, ndoo tupu mapajani.

"Mwanangu," alimuuliza, "mumeo anakwenda wapi mara zote hizo?"

Mikaeli, jirani yangu wa namba kumi na sita, alicheka mpaka akashika ukuta. Mikaeli ni Msambaa aliyeshuka kutoka milimani na mke wake akahamia kwetu, na mkwe wake yuko mbali huko Lushoto. Mtu wa namna hiyo ana nafasi ya kucheka.

Mwaka uliofuata Mwanaidi akajifungua mtoto wa kike, tukamwita Mwaija. Siku saba za kwanza nilihamia kwa Mikaeli ili bibi amhudumie mzazi. Niliporudi, yeye akatoka, maana hawezi kuingia nyumba ninayoishi, na mtoto mchanga hatolewi nje kabla ya arobaini. Hapo ndipo mchezo wa kikohozi ulipoacha kunichekesha. Mwaija akilia, nilisikia kiti cha namba kumi na nane kinasogezwa. Kisha nyayo, mpaka mlangoni kwake. Hapo zinasimama. Zinasimama hapo hapo mpaka mtoto anyamaze, ndipo kiti kinasogezwa tena. Niliona haya ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Njia ya kumaliza jambo hilo ilikuwepo, moja tu. Mtoto wa kwanza akizaliwa, baba yake humpelekea mkwe nyama ya mnyama wa porini aliyemuua kwa mkono wake. Mkwe akiila nyama ile mbele ya macho ya huyo kijana, yamekwisha: mnatazamana, mnaamkiana, mnakuwa mama na mwana. Mbuzi hafai, na hata angefaa, mbuzi wote walikuwa mali ya kijiji, na mchungaji wao kwa uamuzi wa mkutano alikuwa Bi Swaumu mwenyewe. Tena ifanyike kabla arobaini ya mtoto haijapita. Ikipita, mnangoja mtoto wa pili.

"Mtoto wa pili," alisema Mwanaidi, "mimi simzai kwenye nyumba ya kukohoa. Katafute nyama, baba Mwaija."

Sasa nikiri. Mimi ni Mzigua, baba yangu aliacha upinde mzuri sana, lakini nilikulia kwenye mashamba ya mkonge upande wa Korogwe. Kukata mkonge najua, kufunga matita najua, miiba yake ninayo mpaka leo. Lakini mkonge haukimbii. Nilitega mitego kwa wiki mbili na nikafanikiwa kumnasa kuku mmoja, naye alikuwa wa Mzee Mhina, balozi wetu wa nyumba kumi na kaka wa mkwe wangu. Mzee Mhina alimpokea kuku wake. Aliniangalia tu, kwa muda mrefu, mimi na kuku kwa zamu.

Mikaeli akanishauri. "Kuna mzee mmoja wa Magoma, anaitwa Ernesti, huuza mikeka pale Old Korogwe karibu na mto. Huyo hutengeneza filimbi za kuitia wanyama. Unakaa, unapuliza, nyama inakuja yenyewe kwa miguu yake."

Nyama inayokuja yenyewe ilinifaa sana. Nikapanda lori la pamba na jogoo wangu kwapani, nikamkuta Mzee Ernesti, nikamwamkia, nikampa jogoo. Akanipa kipande cha mwanzi chenye tundu ubavuni, na tundu limezibwa kwa utando wa buibui, mweupe na mwembamba.

"Hii inalia kama mtoto wa funo, yule paa mdogo mwekundu wa vichakani," alisema. "Mtoto wa funo ni mnyama mdogo na sauti yake ndogo. Puliza taratibu. Usipulize kama unaita watu kwenye mpira."

Akapuliza. Nikageuka nyuma kumtafuta huyo mtoto. Wallahi nilirudi Handeni nikiwa naimba, watu wa lori wakadhani nimeoa mke wa pili.

Siku ya kwanza nilifanya mazoezi nyumbani. Mwanaidi akanitoa nje kwa mwiko, maana nilimwamsha mtoto mara nne. Nikaenda kwa Mikaeli, mke wake akanitoa. Ikanibidi nijibanze nyuma ya zizi la mbuzi wa kijiji, na hapo ndipo nilipopata raha. Nilipopuliza, vitoto vya mbuzi vikaitika. Nikawasikiliza, nikaurekebisha mlio wangu, wakaitika zaidi. Kwa siku kumi nilijibizana nao. Mwishoni nilikuwa napuliza mara moja tu, zizi zima linasimama. Nikasema moyoni, Mdoe, wewe umezaliwa na kipaji hiki, mkonge ndio uliokupotezea muda.

Zilikuwa zimebaki siku tatu. Jumanne asubuhi, jua likiwa limeshapanda, nilichukua upinde wa marehemu baba, nikavuka shamba la pamba la kijiji, nikaingia kwenye vichaka vinene. Kulenga nilikuwa nimejifunza, migomba yangu yote ilikuwa na matundu. Nikachuchumaa, nikapuliza mara tatu, nikatulia.

Majani yakatikisika.

Nikauvuta upinde. Majani yakatikisika tena, karibu zaidi, yakaachana, akatoka Katibu.

Katibu ni mbuzi. Alikuwa jike mkubwa kuliko wote zizini, na aliitwa hivyo kwa sababu aliwahi kula daftari la mkutano wa kijiji, ajenda, maazimio na majina ya waliohudhuria. Alinijia kwa mapenzi makubwa, akaanza kunilamba goti. Nyuma yake wakatoka wengine, watano, kumi, na vitoto vinaruka, wote wananitazama wakingoja niseme tena. Na nyuma yao nikasikia fimbo inagonga mawe na sauti ninayoifahamu.

"Katibu! Mnakimbilia nini huko?"

Nilijitupa kichakani kifudifudi bila kuchagua kichaka. Kilikuwa kichaka cha upupu.

Anayeujua upupu sina haja ya kumweleza, na asiyeujua namwombea asiujue. Kwanza unawasha shingo. Kisha unawasha mahali ambapo mtu mzima hawezi kujikuna mbele ya mkwe. Nami nilikuwa mbele ya mkwe, hatua kumi, natetemeka mwili mzima na nimeing'ata kamba ya upinde. Bi Swaumu aliwahesabu mbuzi wake taratibu. Akahesabu tena. Jamani, alihesabu mara tatu!

"Watoto wote wapo," alimwambia Katibu. "Sasa aliyelia ni nani?"

Katibu akakigeukia kichaka changu. Bi Swaumu akacheka kidogo puani.

"Haya, twendeni. Huyo aliyelia akichoka atarudi kwao mwenyewe."

Mikaeli alinipaka majivu na tope kuanzia kisigino hadi utosini, huku akicheka na kuomba radhi na kucheka tena. Alipoweza kusema, aliniambia nipulize nisikike. Nikapuliza.

"Mdoe, hiyo siyo funo. Hiyo ni mbuzi. Tena mbuzi wa zizi letu, naweza hata kukutajia ni yupi."

Nikajua nilichokifanya. Nilimpa jogoo mzima mtu wa Magoma anipe sauti ya mnyama wa porini, kisha nikaipeleka zizini ikafundishwa na mbuzi. Funo angeisikia na kupita zake. Aliyeisikia na kuja mbio alikuwa mama wa watu anayelipwa sifa na kijiji asipoteze kitoto hata kimoja.

Jumatano sikuweza kuvaa shati. Alhamisi ilikuwa siku ya mwisho, Ijumaa ndiyo arobaini. Nikaamua kwenda mbali sana, mpaka kwenye mkwaju mkubwa ulio peke yake karibu na kichuguu, upande ambao mbuzi hawapelekwi. Nikapanda juu kabisa. Huku juu, nikajiambia, hata Katibu akija hataniona. Nikapuliza kwa pumzi nusunusu, nikijaribu kuirudisha ile sauti ya Mzee Ernesti. Iligoma. Kila nilipopuliza alitoka mbuzi.

Nadhani mmeshajua kilichofuata. Mimi sikujua, nilikuwa nimejawa na matumaini. Baada ya muda nikasikia kwato, nikatazama chini, nikamwona Katibu ameinua kichwa na mdomo wake unatabasamu. Akafuatwa na kundi zima. Akafuatwa na Bi Swaumu, anahema, kanga kichwani, kikapu mkononi. Akaangalia huku, akaangalia kule. Kisha akaketi chini ya mkwaju wangu, akatoa muhogo wa kuchemsha na kisu, akaanza kumenya na kula.

Alikula kama mtu aliye na siku nzima. Mguu wangu wa kushoto ukafa ganzi. Wadudu wadogo weusi walikuwa wakinipanda mgongoni, pale pale upupu ulipopaacha pabichi. Kukohoa siwezi, maana kikohozi kimoja maana yake natoka, na kutoka kwenyewe kulikuwa ni kuanguka. Nikajikaza. Mdudu mmoja akaniuma sikio, nikafungua mdomo bila kupenda, na filimbi iliyokuwa katikati ya meno ikatoka, ikagonga tawi, ikagonga tawi jingine, ikatua mapajani mwa mkwe wangu.

Hakuinua kichwa. Mpaka leo namheshimu kwa hilo. Aliishika filimbi, akaigeuza, akaifuta vumbi kwa ncha ya kanga, akaiweka kwenye shina la mkwaju.

"Katibu," alisema, "miti ya mwaka huu inazaa filimbi."

Katibu alikuwa anakula maganda ya muhogo.

"Sikiliza, Katibu. Kama kuna mtu hapa karibu, na mimi sisemi yupo, mwambie mtoto wa mbuzi hulia kwa mdomo. Mtoto wa funo hulia kwa pua. Baba yangu alinifundisha nikiwa mdogo wa kumfuata kila mahali, kabla hajakumbuka kwamba mimi ni msichana. Na mwambie pia kesho ni Ijumaa. Mimi nina mjukuu ambaye sijamshika siku thelathini na mbili."

Ningekuwa chini ningelia mbele yake. Huko juu nililia vilevile, kidogo, ila machozi yalipita kwenye upupu nikaacha.

Akainuka, akawasukuma mbuzi kivulini wakalala, akaenda nyuma ya kichuguu, akaketi na kunipa mgongo. Akaibana pua yake kwa vidole viwili, akalia. Ilikuwa sauti nyembamba sana, ya puani, yenye kutetemeka mwishoni. Nilitaka kushuka mwenyewe nikamchukue huyo mtoto nimpeleke kwa mama yake. Akalia tena.

Funo alikuja bila hata jani kusema, akitokea upande aliokuwa ameuelekea mkwe wangu. Mwekundu, mdogo, miguu yake myembamba inapiga chini kwa wasiwasi. Nikauvuta upinde. Nikaona matiti yake yamejaa, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuiona Ijumaa, nimeiona pilau, nikavuta zaidi. Nyuma ya kichuguu mikono ikapigwa pa! Funo akapotea.

"Katibu!" ilifoka sauti. "Mama aliyeitikia mtoto hauawi! Baba yangu angekuvunja huo upinde kichwani!"

Katibu, maskini, hakuwa amefanya lolote.

Tukangoja. Safari hii mlio ulikuwa mwingine, mfupi, mkavu, wa kukoroma kidogo. "Dume haji kwa huruma, Katibu," alinong'ona. "Huja kwa wivu, kutazama nani yuko na mkewe." Na kweli alikuja amekasirika, pembe fupi mbele, akapita katikati ya mbuzi waliolala kama mtu anayepita gulioni akimtafuta mdeni wake, akasimama chini yangu kabisa. Hata mlevi angempata. Nikasema bismillahi, nikaachia mshale. Mshale ukaenda, na mimi nikaufuata, maana ule mguu uliokufa ganzi nilikuwa nimeusahau.

Mbuzi wote wakasimama. Vumbi likatulia.

"Katibu," aliuliza mkwe wangu bila kugeuka, "kimeanguka nini?"

Adabu ilitaka nijibu kwa njia ile ile. "Katibu," nikasema nikiwa nimelala chali, "mwambie aliyeuliza, ni funo na mtu mmoja. Funo ndiye aliyeumia zaidi."

"Muulize kama ana kisu. Mnyama achinjwe kabla hajakata roho."

Sikuwa na kisu. Nilikuwa nimekuja kuwinda na filimbi! Bi Swaumu alivuta pumzi ndefu, akakirusha kile kisu cha muhogo nyuma juu ya bega lake, kikatua karibu na mkono wangu. Nikamchinja, nikaiokota na filimbi yangu pale shinani. Kisha akawakusanya mbuzi wake na kuondoka upande wa pili.

"Katibu," nilimsikia akisema akiwa mbali, "leo sisi hatukufika huku."

Nilimbeba funo mabegani nikapita katikati ya kijiji, tena niliizunguka barabara mara mbili ili walio shambani nao wapate kuniona. Mikaeli alipiga debe mbele yangu. Mwanaidi alinikimbilia, akanikumbatia mimi na funo kwa pamoja mbele ya watu, akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Sijawahi kuwa na siku nzuri kama ile.

Ijumaa baada ya sala wazee walikaa uwanjani, katikati ya namba kumi na saba na kumi na nane. Sufuria ya nyama ilikuwa mbele yao. Bi Swaumu alikaa ndani kwake, nyuma ya kanga iliyotundikwa mlangoni, akisubiri kuitwa. Mzee Mhina ndiye aliyekuwa na kazi ya kuniuliza.

"Mdoe, mnyama huyu umemuua kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu, mzee."

"Umempataje?"

"Aliitwa kwa filimbi, akaja, nikampiga mshale."

Hapo tungemaliza. Lakini Mikaeli, kwa furaha yake na kwa mapenzi yake kwangu, akaruka: "Apulize, mzee! Apulize watu wasikie!" Na watu wote wakaitika, apulize, apulize. Nilimtazama Mikaeli na macho yangu yakamwambia mengi. Akakumbuka. Akafunika mdomo, lakini filimbi ilikuwa imeshatoka mfukoni mwangu, maana Mzee Mhina alikuwa ameshaunyooshea mfuko kidole.

Nilipuliza kidogo sana. Haikusaidia. Zizi likaitika, ukasikika mlango wa miti unavunjika, na mbuzi wa kijiji wakaingia uwanjani kwa mbio, Katibu mbele. Walipita juu ya mikeka. Walipita juu ya wazee. Katibu alinifikia, akanilamba goti lile lile, kisha akageuka na kuanza kula kofia ya Mzee Mhina. Watoto walikuwa wanalala chini kwa kicheko. Hata imamu alikuwa anajifuta machozi.

Mzee Mhina hakucheka. Aliichukua kofia yake iliyobaki nusu.

"Filimbi hii inaita mbuzi," alisema. "Baba yangu alikuwa mwindaji. Funo haji kwa sauti hiyo hata umlipe. Sasa nakuuliza tena, na uwanja wote unasikia. Funo huyu aliitwa na nani?"

Kicheko kikafa chote. Nikiusema ukweli, nimemtaja mkwe wangu kwamba alikuwa porini na mimi kabla nyama haijaliwa, na aibu hiyo itamkaa yeye, siyo mimi. Nikisema uongo, nimeanza umama na uwana kwa uongo. Nilimtazama Mwanaidi. Nilikitazama kile kitambaa cha kanga mlangoni.

"Mzee, hilo sitalijibu."

"Basi nyama hii si yako peke yako," alisema Mzee Mhina kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko angenikemea. "Tutangoja mtoto wa pili."

Mwanaidi akajifunika uso. Mbuzi wakaendelea kutafuna. Ndipo Mwaija, ndani ya namba kumi na saba, akaamka na kuanza kulia.

Nikasikia kiti kinasogezwa. Nikasikia nyayo, mpaka mlangoni. Hapo zikasimama, kama zilivyosimama siku zote, nami nikainamisha kichwa.

Kanga ikavutwa pembeni. Bi Swaumu akatoka nje mchana kweupe, uso wazi. Alipita kati ya wazee na mbuzi, akapita mbele yangu, akaingia nyumbani kwangu bila hodi. Kilio kikakatika. Alipotoka, Mwaija alikuwa begani mwake anamng'ang'ania shingo. Akaenda moja kwa moja kwenye sufuria, akachukua pande la nyama kwa vidole, akanitazama machoni, akala. Alitafuna taratibu mpaka akameza.

"Nimekula, kaka," alimwambia Mzee Mhina. "Una swali jingine?"

Mzee Mhina alimtazama dada yake. Akaitazama filimbi. Kisha akaupandisha mkono hadi kwenye pua yake, akaibana kidogo kwa vidole viwili kama mtu anayejikuna, na masharubu yake yakaanza kutikisika.

"Sina," alisema. "Gaweni nyama."

Nilisimama. Nilikuwa nacheka na kulia kwa wakati mmoja, sijui kipi kilianza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akasogea karibu, akamweka mtoto vizuri begani, akashusha sauti ili nisikie mimi peke yangu. "Ule upupu wa Jumanne, umeacha kuwasha?"

Nilipatwa na aibu nikakohoa, mara moja.

"Unatoka kwenda wapi tena?" aliuliza mkwe wangu kwa sauti kubwa, uwanja mzima ukasikia. "Keti hapa, tule."